Spika ndogo ya Bluetooth kwa mtoto: mluzi usiokoma, betri na kikomo cha sauti

MzaziFundi aliuliza:

Habari zenu ndugu. Binti yangu ana umri wa miaka mitano na anapenda mno hadithi za kusikiliza. Mpaka sasa amekuwa akizisikiliza kwenye simu yangu, jambo nisilolipenda, kwa kuwa macho yake hayabanduki kwenye kioo hata pasipo na cha kutazama. Nimeamua kumtengenezea spika ndogo ya Bluetooth atakayoibeba mwenyewe chumba hadi chumba, simu ikibaki kwangu. Kulehemu ninakujua kiasi, kwani nimewahi kufufua redio na chaja kadhaa, ila kifaa kizima sijawahi kukiunda tangu mwanzo.

Nilivyo navyo mezani ni bodi ndogo ya kupokea Bluetooth inayokubali umeme wa volti 3.7 hadi 5, amplifaya ya PAM8403, spika moja yenye kipenyo cha milimita 50, omu 4 na wati 3, bodi ya kuchaji ya TP4056, na seli moja ya lithiamu ya aina ya 18650 niliyoitoa kwenye betri ya kompyuta mpakato iliyokufa. Seli hiyo inalisha bodi zote mbili kwa pamoja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na sauti inatoka kwenye bodi ya Bluetooth kwa nyaya tatu: kushoto, kulia na hasi ya sauti.

Tatizo langu kubwa ni mluzi. Nikiwasha tu, kabla simu haijaunganishwa, spika hutoa sauti nyembamba kama ya mbu aliye karibu na sikio, na simu inapounganishwa sauti hiyo hukatikakatika na kuwa tiktiki za harakaharaka. Hadithi ikichezwa kwa sauti ya juu mluzi humezwa, lakini mtoto husikiliza kwa sauti ya chini kabla ya kulala, na hapo ndipo unapokera. Nimefupisha nyaya bila mafanikio. Nimeweka kapasita ya maikrofaradi 100 kwenye umeme wa amplifaya, ukapungua kidogo tu. Kilichonishangaza ni kwamba nilipoilisha bodi ya Bluetooth kwa betri yake pekee, mluzi ulitoweka kabisa.

Nina maswali mengine matatu. Kwa kuwa spika ni moja, nimeunganisha pamoja nyaya za kushoto na za kulia zinazotoka kwenye amplifaya, na sasa chipu inapata moto kiasi kwamba siwezi kuigusa; je, nimekosea? Pili, nimefikiria kuufunga mfuniko wa betri kwa sumaku ndogo nne ili niufungue kwa urahisi, kuna ubaya? Tatu, nifanyeje ili sauti isipite kiwango kinachofaa masikio ya mtoto, hata akizungusha kidhibiti mpaka mwisho?

Saketi_na_Lehemu alijibu:

Tenganisha kwanza hizo nyaya za spika, kisha ndipo usome yanayofuata. Katika PAM8403 hakuna waya wa spika ulio sawa na hasi ya betri. Ncha zote mbili za kila upande zinasukumwa na chipu, moja ikipanda wakati nyingine inashuka, na spika inapata tofauti kati ya hizo mbili. Ukiunganisha kushoto na kulia, pande hizo zinaanza kusukumana zenyewe kwa zenyewe badala ya kuisukuma spika, na nguvu hiyo yote inaishia kuwa joto. Kwa sababu hiyohiyo usiguse kamwe ncha yoyote ya spika kwenye hasi ya betri. Una bahati kwamba chipu bado iko hai.

Kwa spika moja, uchanganyaji wa kushoto na kulia hufanyika kabla sauti haijaingia kwenye amplifaya. Chukua rezista mbili za kilo-omu 1, moja itoke kwenye waya wa kushoto na nyingine kwenye waya wa kulia, zikutane mahali pamoja, na kutoka hapo uende kwenye ingizo moja tu la amplifaya. Ingizo la pili lifunge kwenye hasi ili lisielee na kuokota kelele. Spika utaiunganisha kwenye ncha mbili za upande huo mmoja, na upande wa pili utauacha wazi.

Sasa mluzi. Jaribio lako la betri mbili limekwisha kukuonyesha chanzo. Bodi ya Bluetooth ni redio na kompyuta ndogo kwa pamoja. Haivuti umeme kwa mtiririko tulivu bali kwa mikupuo mifupi mara nyingi kwa sekunde. Mikupuo hiyo inarudi kwenye betri kwa kupitia hasi, na hasi hiyohiyo ndiyo inayobeba sauti kwenda kwenye amplifaya. Kila waya una ukinzani wake, hata uwe mdogo namna gani, kwa hiyo kila mkupuo unazalisha kijivolti kidogo juu ya waya huo, na amplifaya haina njia ya kujua kwamba hicho si sehemu ya hadithi. PAM8403 hukuza kwa desibeli 24, yaani volti huongezeka takribani mara 16. Kelele ya milivolti 2 inafika kwenye spika ikiwa milivolti 32, na katika chumba kilicho kimya hiyo unaisikia wazi.

Kabla hujafanya chochote, chukua multimita, iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), kisha upime kati ya hasi ya sauti ya bodi ya Bluetooth na hasi ya betri, bodi ikiwa imewashwa na nyaya za sauti zikiwa zimeng'olewa kutoka kwenye amplifaya. Watu wengi huruka hatua hii. Ukipata sifuri, hasi hizo mbili ni kitu kimoja. Ukipata volti moja au zaidi, basi bodi yako ni ya aina ambayo hasi ya sauti imeinuliwa makusudi ili kuepuka gharama ya kapasita za kwenye njia ya kutolea sauti, na ulipoiunganisha na hasi ya betri kupitia amplifaya ulikuwa unaifunga kwa mzunguko mfupi. Bodi kama hiyo itapiga mluzi milele, hata uifupishie nyaya namna gani.

Dawa inayofaa hali zote mbili ni transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600. Upande wake wa kwanza unaunganishwa na bodi ya Bluetooth, waya mmoja kutoka kwenye makutano ya rezista zako na mwingine kwenye hasi ya sauti. Upande wa pili unaenda kwenye ingizo la amplifaya na hasi ya betri. Sauti inavuka kwa usumaku tu, bila waya wowote kuunganisha pande hizo mbili, na mikupuo inabaki kwenye njia yake. Pamoja na hayo, peleka nyaya za umeme za bodi ya Bluetooth na za amplifaya kila moja peke yake mpaka kwenye betri, usizipitishe kwenye bodi moja kwenda nyingine, na kapasita yako ya 100 uibadilishe na ya maikrofaradi 470 hadi 1000, iliyolehemiwa karibu kabisa na miguu ya umeme ya amplifaya.

Mwalimu_wa_Maabara alijibu:

Mchangiaji aliyetangulia ameeleza mluzi vizuri kuliko ambavyo ningeweza, kwa hiyo nitabaki kwenye betri, kwa kuwa ndiyo iliyonishtua niliposoma swali.

Ndugu yangu, usiweke seli ya kompyuta iliyokufa kwenye kifaa cha mtoto. Mimi mwenyewe hutumia seli za namna hiyo kwenye tochi yangu ya karakana, baada ya kuzipima kwa siku kadhaa, nazo hukaa juu ya sinia la chuma. Seli ya lithiamu iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2.5 huweza kuharibika ndani bila dalili yoyote kwa nje, na hatari yake hujitokeza siku inapochajiwa tena. Mtoto ataiangusha spika hiyo na kuikalia, na pengine ataisahau juani dirishani. Ukitaka kubaki na lithiamu, nunua seli mpya ya kampuni inayoaminika, na usidanganywe na maandishi: seli ya 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, uzito wake huwa karibu gramu 45, na nyingi ya zilizo bora huishia kwenye miliampea-saa 3500 hivi. Iliyoandikwa 9900 na kupepea mkononi kama karatasi ni ya uongo.

Kuhusu TP4056, hakikisha bodi yako ni ile yenye matundu sita, ambayo ina alama za B na za OUT, kwa maana ndiyo iliyo na chipu ya ulinzi inayokata umeme seli inapokwisha au nyaya zinapogusana. Amplifaya na bodi ya Bluetooth zilishwe kutoka OUT, si moja kwa moja kutoka kwenye seli. Bodi hizi huja zikiwa zimewekewa rezista ya kilo-omu 1.2, inayoruhusu kuchaji kwa ampea 1; ukiweka ya kilo-omu 2 mkondo unashuka hadi karibu miliampea 600, bodi inapoa, na seli inachajiwa kwa upole zaidi. Vilevile, spika isichezwe ikiwa inachajiwa. Chipu hiyo hutambua kwamba seli imejaa pale mkondo unaposhuka hadi sehemu moja ya kumi ya uliopangwa, sasa ikiwa amplifaya nayo inavuta umeme kwa wakati huohuo, mkondo hauwezi kushuka ipasavyo, na seli inabaki imeshikiliwa kwenye volti 4.2 kwa saa nyingi bila sababu.

Lakini ushauri wangu hasa ni kwamba uache lithiamu kabisa. Weka betri tatu za kuchajika za nikeli, za ukubwa wa AA, zilizopangwa mfululizo. Kila moja ni volti 1.2, kwa hiyo jumla ni 3.6, na zikiwa zimetoka kwenye chaja hufika karibu 4.2, kiwango kilekile ambacho bodi zako zimekizoea. Usiweke nne, hasa zile za kawaida zisizochajika, kwa sababu nne za volti 1.5 ni volti 6 na mwisho wa PAM8403 ni 5.5. Betri hizi nazo hutoa mkondo mkubwa nyaya zikigusana, kwa hiyo weka fyuzi ndogo ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, lakini haziwaki moto kama lithiamu inavyoweza. Zinachajiwa nje ya spika, kwenye chaja yake, na mtu mzima, na hilo linakuondolea tundu la chaji ambalo mtoto angelichokonoa. Utapoteza saa kadhaa za kucheza. Kwangu mimi hilo si la kujadili.

SeremalaWaNyumbani alijibu:

Sumaku, hapana. Sumaku ndogo zenye nguvu zikibanduka na mtoto akazimeza mbili, hunatana zikiwa katika sehemu tofauti za utumbo na kuubana ukuta wake katikati mpaka unatoboka. Hospitali hulazimika kumpasua. Hata kama binti yako amevuka umri wa kutia kila kitu mdomoni, huenda nyumbani kuna mdogo wake au mgeni. Mfuniko wa betri ufungwe kwa skurubu, nazo ziingie kwenye nati za shaba zilizozamishwa kwenye mbao, kwa sababu mbao tupu itakuwa imelegea baada ya kufunguliwa mara ishirini. Kwa vitu vidogo vingine kipimo kinachotumika kwa wanasesere wa watoto wa chini ya miaka mitatu ni bomba lenye kipenyo cha milimita 31.7: chochote kinachoweza kubanduka na kuingia humo kinahesabiwa kuwa hatari ya kukaba koo. Kirungu cha kidhibiti sauti huingia humo kwa urahisi, kwa hiyo kichagulie chenye skurubu yake ya pembeni, usitumie cha kuchomeka tu.

Kasha liwe limezibwa kila upande. Spika husukuma hewa mbele na kuivuta nyuma kwa wakati mmoja, na hewa ya nyuma ikipata njia ya kufika mbele sauti nzito hufutika, ndiyo maana spika ikiwa tupu mezani husikika kama kopo. Ziba matundu ya nyaya kwa gundi ya moto, weka ukanda wa sponji nyembamba chini ya mfuniko, na jaza ndani pamba ya mto kwa wepesi, bila kuishindilia. Kwa mbele weka wavu wa chuma wenye matundu ambayo penseli haipenyi. Usipoweka, ngozi ya spika itakuwa imetobolewa ndani ya wiki. Kasha lenyewe lisiwe la chuma, kwani Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, nayo hayapenyi chuma.

SikioTulivu alijibu:

Niongeze kuhusu kikomo cha sauti, kwa kuwa ndilo swali ambalo halijaguswa.

Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa mwaka 2019 kiwango cha usikilizaji salama kwa vifaa vya binafsi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa muda huohuo kwa watoto. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, kwa hiyo mtoto aliye kwenye 78 ana saa 20, na kwenye 81 ana saa 10. Kiwango hicho kililenga zaidi vifaa vya kusikilizia masikioni, lakini mtoto akilala na spika kwenye mto haiko mbali na kuivaa. Umbali kati ya sikio na spika ukipungua kwa nusu, sauti huongezeka kwa karibu desibeli 6, na kutoka mita moja hadi kwenye mto wa kulalia nusu hizo ni kadhaa.

Kwa hiyo usitegemee kikomo cha simu, ambacho hubadilika kila unapobadilisha simu. Weka ndani ya kasha rezista ya kurekebishika ya kilo-omu 10, ile ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, kabla ya kidhibiti anachoshika mtoto. Fungulia simu mpaka mwisho, kidhibiti cha mtoto mpaka mwisho, kisha cheza wimbo wenye kelele kuliko yote mliyo nayo, wala si hadithi, kwa sababu hadithi nyingi hurekodiwa kwa sauti ya chini na zitakupa kikomo kilicho juu mno. Weka kipimo cha sauti mahali ambapo sikio la mtoto litakuwa, yaani umbali wa mkono wake uliokunjwa, na uzungushe bisibisi mpaka usomeke 75. Programu ya simu ya kupimia huweza kupotoka kwa desibeli kadhaa. Ikiwa huna kipimo halisi, shuka hadi 70. Kisha funga kasha. Kidhibiti cha mtoto kitazunguka mpaka mwisho kama kawaida, naye hatahisi kwamba amenyimwa kitu.

Na ukiweza kupata spika ya omu 8 badala ya 4, ichukue. Kwa volti 3.7 ile ya omu 4 inaweza kupewa hadi wati 1.7 hivi, na ya omu 8 nusu yake. Tofauti ni desibeli 3 tu, ambazo huzihitaji, na betri itadumu zaidi.

MzaziFundi aliandika tena baada ya wiki mbili:

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Nilipima kama nilivyoelekezwa, na kati ya hasi ya sauti na hasi ya betri nilikuta volti 1.4. Ina maana tangu mwanzo nilikuwa ninaiumiza bodi bila kujua. Nimeweka transfoma, na mluzi umekwisha. Nimekaa usiku chumbani na sikio langu likiwa limegusa wavu, nikasikia mvumo hafifu tu kama wa upepo kwa mbali. Sauti nzito imepungua kidogo, lakini spika ya milimita 50 haikuwa nayo nyingi ya kupoteza, na sauti ya msimulizi imekuwa safi. Chipu haipati moto tena.

Nimehamia kwenye betri tatu za nikeli pamoja na fyuzi. Kwa sauti ya hadithi nimepima mkondo wa miliampea 90 hivi, kwa hiyo betri za miliampea-saa 2000 zinatosha usiku nyingi. Mfuniko una skurubu nne na nati za shaba. Kikomo nimekiweka kwenye 72, kwa kuwa niliazima kipimo halisi na bado nikataka kubakiza nafasi.

Limebaki jambo moja. Spika ikiwa juu ya meza mawasiliano ni mazuri hata nikiwa chumba cha pili, ila binti anapoibeba kifuani, hadithi hukatika nikiwa umbali wa hatua sita tu. Bodi ya Bluetooth nimeibandika nyuma ya betri.

Saketi_na_Lehemu alijibu:

Hapo ulipoibandika ndipo penye shida. Tazama ukingo wa bodi, utaona mstari wa shaba uliokunjwakunjwa kama nyoka bila kitu kingine kando yake. Hiyo ndiyo antena. Sasa hivi upande mmoja ina maganda ya chuma ya betri, na upande wa pili mwili wa mtoto, ambao una maji mengi na hunyonya mawimbi hayo. Hamishia bodi kwenye kona ya juu ya kasha, ukingo wenye antena ukiwa umeelekea nje, na uache angalau sentimita mbili kati yake na betri, sumaku ya spika na wavu wa mbele. Nyaya zozote zisipite juu ya mstari huo. Ijaribu kwanza kwa kuishikiza na utepe, binti akiwa ameibeba kama anavyoibeba siku zote, ndipo uibandike kwa gundi.